Shehe wetu alivyovaa koti la manyoya msibani, Bungu

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu hauna chumvi, anayebisha apite Bungu aulize watu wazima.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imelegeza biashara. Mitumba ndiyo kwanza inamwagika barabarani, kila mtu anavaa alichobahatika. Msikiti wetu nao ukapata vitu viwili vipya kwa mpigo: kipaza sauti cha betri, na Shehe Idrisa.

Shehe alikuwa kijana, kasoma nje, kwenye kitabu humgusi. Ila hasira zake zilikuwa karibu, na kipaza sauti kilikuwa karibu zaidi.

Basi babu yangu akafariki.

Bibi hakulia. Hakula, hakusema neno, alikaa tu anatazama mlango. Mama zangu wakaingiwa na hofu, maana uchungu usiotoka unaweza kuondoka na mtu. Wote tukawa tunamsubiri Mzee Mkumba, Mmatumbi, mtani wa babu.

(Kwa vijana wa mjini: mtani ana ruhusa ya kufanya vituko msibani ili wafiwa wapumue. Si utovu wa adabu, ni wajibu wake.)

Tumebeba jeneza, ndiyo tunatoka, huyo Mkumba! Kavaa koti la kike la manyoya, la watu wa kwenye barafu, na jua la Bungu linawaka. Akajitupa chini mbele yetu.

"Hamwendi! Huyu hajapata kuwahi popote, hata harusi yake alichelewa. Leo haraka ya nini?"

Nikaona mdomo wa bibi unacheza. Kidogo tu, lakini nikauona.

Shehe akanyakua kipaza. "Toka hapo, fedhuli wee! Huna haya?"

Bungu nzima ilisikia. Hata basi la Lindi lilipunguza mwendo.

Mkumba akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake. Uso wa bibi ukarudi kuwa jiwe. Kisha akasema, neno lake la kwanza siku ile:

"Mtani wa mume wangu kafukuzwa? Basi lishusheni jeneza. Hazikwi mtu hapa."

Tukalishusha. Jua linakwenda, babu yupo uwanjani. Shehe akaanza kutoa dalili za kitabuni kwamba maziko yaharakishwe, dalili sahihi kabisa, na hakuna aliyenyanyuka. Nilimchukia, sifichi.

Akazima kipaza. Akamtazama bibi, safari hii akamtazama kweli. Halafu akavaa makubazi akaelekea kwa Mkumba. Nasi nyuma, nani anakosa sinema ya bure?

Mkumba alikuwa kizingitini anatafuna muhogo.

"Mzee wangu, nimekosa," Shehe alisema. "Nilimwangalia maiti, sikumwangalia mjane."

Mkumba akatafuna, akameza. "Nimekusamehe, Shehe. Lakini miye ulinifukuza kwa spika, kanirudishe kwa spika. Na koti uvae weye."

Wakuu, alivaa! Juu ya kanzu! Jasho linamtiririka kilembani, anatembea huku anatangaza kila anachonong'onezwa: "Mzee Mkumba ni mtu mwema... Mzee Mkumba kanizidi sura..."

Bibi alipomwona alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko kikageuka kilio, kilio chenyewe tulichokingoja tangu asubuhi. Akina mama wakamkumbatia, sisi tukabeba jeneza. Babu alilala kaburini kabla ya magharibi.

Koti Mkumba alikataa kulichukua. "Kaa nalo, Shehe."

Miaka ikapita, Mkumba naye akafa. Zamu ya vituko ikawa yetu sisi watani wake, na hakuna aliyeweza kwa majonzi. Jeneza likawa linatoka kimya.

Shehe Idrisa, ndevu zimeshaingia mvi, akafungua mfuko. Akavaa lile koti, akalala chini mbele ya jeneza, na machozi yanamtoka.

"Hamwendi," alisema, bila kipaza. "Huyu hajapata kunyamaza hata siku moja. Hakikisheni kwanza kama kafa kweli."

Mjane wa Mkumba ndiye aliyeanza kucheka.

Siku hizi mnaiita emotional intelligence na mnaifanyia semina hotelini. Sisi tuliiona imevaa manyoya. Kiongozi wa dini anayejua kitabu tushukuru, lakini anayesoma na nyuso za watu, huyo mshikeni asihame.

Haya, shehe wako au mchungaji wako angevaa? Semeni, ila shehe wangu msimguse.