Pua Mpya ya Mama Alvin

Tangu shule ya msingi kule Kitui, Kasiva aliitwa Mapua, naye akacheka pamoja na waliomwita, maana asiyecheka alizidishiwa. Miaka yote aliyokaanga mandazi Kabiro, pale Kawangware, aliweka akiba kimyakimya, hata mwanawe Alvin akidhani ni ya kununua ploti. Kisha akaipeleka yote kliniki, akatengenezwa pua.

Gharama ya kisu alikuwa ameipigia hesabu hadi shilingi ya mwisho. Aliyoisahau ni gharama ya kupona. Daktari alimkataza kuinama, kubeba mizigo, kukaribia joto, hata kupenga kamasi, kwa wiki kadhaa. Sasa niambie, ni nani amewahi kukaanga mandazi bila kuinamia karai? Jiko likapoa, wateja wakahamia kwingine. Kasiva akabaki kitandani ameegemea mito, bandeji usoni, macho yamevimba na kuvilia damu.

Nelima, jirani wa mlango wa pili, alipochungulia alipiga mayowe. "Woi! Mama Alvin, nini imekufanya?"

"Boda iliniangusha," ulimi ukamponyoka.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kasiva iliishia Jumapili. Akina mama wa kanisa walijaa chumbani na sukari, unga na mafuta, kama ilivyo ada ya kumwona mgonjwa. Wakamwekea mikono, wakamkemea shetani wa barabarani. Kasiva aliitikia amina huku aibu ikimla hai. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Maombi hayajaisha, mlangoni akasimama Musembi, kijana wa boda aliyembeba kila alfajiri kwenda kununua unga. Nelima alikuwa ameshapeleka habari kwenye steji ya boda, na kwa kuwa Mama Alvin habebwi na mwingine, wenzake walimsimamisha kazi mpaka amalizane na majeruhi. Alishika pakiti mbili za maziwa.

"Mathe, haki mimi sikumbuki nikikuangusha," akasema. "Nimeangalia pikipiki yote, sioni mahali imekwaruzwa. But kama ni mimi, nisamehe tu."

Kasiva angeweza kumsamehe, mambo yakaishia hapo. Lakini kijana huyu alikuwa ameliamini neno lake kuliko macho yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomshinda kumeza.

"Hukuniangusha, Musembi. Hakuna mtu aliniangusha. Nilienda kurekebishwa pua. Nililipa mwenyewe."

Mmoja wa akina mama akautazama unga aliouleta. Musembi aliweka maziwa mezani, akatoka, na punde pikipiki ikasikika ikiwashwa.

Nelima ndiye aliyeuliza, tena kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Kwani ile ingine ilikuwa na shida gani?"

Hakuna aliyecheka. Machozi yakamtoka Kasiva, makamasi yakachuruzika chini ya bandeji mbele ya watu wote, na daktari alikuwa amemkataza kupenga.