Kimya cha Chini ya Maji

Karani wa ushirika wa wanawake wazamiaji wa kisiwa cha Jeju, Korea, hula machungwa akiwa kazini, na kabla ya kugusa kompyuta hufuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, kama anayejiandaa kumpokea mtoto mchanga. Sauti yake ni ndogo. Mashine ikigoma, huibembeleza kama ng'ombe mkaidi: "Haya mama, taratibu." Siku hiyo Bibi Chun-deok, mzamiaji mkongwe, alimjia amefura kwa hasira. Video alizounganisha karani ili waonyeshwe wasichana waliotaka kujifunza kuzamia zilikuwa zimemfanya kichekesho: yuko chini kabisa anabandua kombe mwambani, na mluzi anaopiga akiibuka kuvuta pumzi unasikika tayari.

"Yaani nimekuwa samaki mpiga mluzi?" alifoka. "Watacheka waende zao, na kazi hii ife na sisi vikongwe."

Karani alifumba macho, akasikiliza kila kipande peke yake, kisha akatabasamu. "Bibi, kipande cha chini ya maji hakina sauti hata chembe. Basi sauti ya kipande kinachofuata imetangulia kuziba pengo."

"Sasa?"

"Tunakipa kimya chake, kirefu sawasawa na picha."

Akakitia, akaunganisha upya. Chun-deok akajitazama akizama, akabana pumzi bila kujua. Kichwa kilipoibuka, mluzi ukatoka papo hapo, mwembamba, mkali. Bibi akashusha pumzi, akavuta kiti karibu.

"Waite hao wasichana," alisema. "Na waje na nguo za kuzamia."