Mtunga Mazoezi Aliyejifunza Kukalia Mikono

Saa mbili asubuhi, mtunga mazoezi wa chuo cha ushonaji cha mtandaoni ameketi mezani, viganja vyake amevikalia. Si utani. Mwanafunzi ameuliza swali kwenye jukwaa la darasa, na jibu linamwasha ulimini.

"Ukiniona nimekalia mikono, ujue niko kazini," anasema, akicheka hadi miwani inamteleza.

Wanafunzi wake arobaini na watatu, wengi wao mafundi cherehani, humwita Mama Subirini. Zamani hakustahili jina hilo hata kidogo. Mtu akiuliza, yeye alijibu kabla chai haijapoa, aya tano na mchoro juu.

Jukwaa likapoa. Wiki nzima waliandika watu wanne tu, na wote walimwandikia yeye. Mkuu wa chuo akampa mwezi mmoja: wanafunzi wasipoanza kufundishana, kozi inafungwa.

Aliyemfumbua macho ni dada yake, fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini aliyejiandikisha kwenye kozi hiyo.

"Mdogo wangu, unatupikia, unatupakulia, halafu unatutafunia," alimwambia. "Sisi meno tunayo!"

Yalimchoma, anakiri. Akafuta maswali yote yenye jibu moja, akaandika zoezi fupi: *Piga picha ya nguo uliyoiharibu. Waombe wenzako wakusaidie kuiokoa.*

Siku mbili hakuna aliyeweka picha. "Nilijua kozi ndiyo imekwisha."

Siku ya tatu dada yake akaweka picha ya gauni la harusi: mkono wa kushoto ameushonea kulia, wa kulia kushoto. Fundi wa miaka ishirini! Darasa likavunjika mbavu, na aibu ikawatoka. Kufikia jioni zilikuwapo picha kumi na saba. Mmoja alisema gauni lifumuliwe, mwingine mikono ikatwe, mabega yavishwe lesi. Wakabishana, wakachora, wakajaribu. Lesi ikashinda.

"Mimi nisingewaza lesi hata kwa dawa," anasema. "Kumbe wema wangu ulikuwa unawaziba midomo. Nilifurahi mpaka nikalia."

Mkuu wa chuo alituma ujumbe wa neno moja: "Endelea."

Muhula ujao anataka wanafunzi watunge mazoezi wenyewe, naye ajiandikishe kama mwanafunzi. Kuchora ruwaza, vielelezo vya kukatia nguo, anajua, ila kushona zipu kumemshinda miaka yote.

"Nimemuuliza dada nianzie wapi," anasema, macho yakimcheka. "Ameniambia, 'Waulize wenzako.'"