Ukoko wa Dirishani

Siku moja kabla ya vita nilimpitishia mdogo wangu ukoko kwenye dirisha la jikoni, nikamcheka mpaka machozi yakanitoka. Marwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Desemba alikuwa ametahiriwa, na kwetu Ukuryani mvulana akishatahiriwa haingii tena jikoni kwa mama yake, halali nyumbani mwa mama yake, na halii. Lakini hakuna tohara inayoondoa hamu ya ukoko. Kila mchana alikuja nyuma ya nyumba, akasimama kama mtu anayepita tu, akatoa mkono.

“Mura,” nilimwambia, kama wanavyoitwa vijana waliotahiriwa, “siku hizi wanaume wanaomba ukoko?”

“Leta, Bhoke. Kabla baba hajaniona.”

Ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa uani akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, kama wanawake wengi wa huku karibu na Genkuru miaka ile. Alasiri mgodi mkubwa ulilipua miamba, vyombo vikatikisika, na hakuna aliyeinua kichwa. Tulikuwa tumezoea.

Marwa hakupaswa kutahiriwa mwaka ule. Baba ndiye aliyemsukuma. Mtoto alikuwa mrefu, msimu mwingine wa tohara ulikuwa mbali, na baba alitaka haraka mwanaume wa pili pale nyumbani. Dhahabu ilikuwa imemtia kila mtu haraka. Hata ule ukanda wa malisho kando ya mto, ambao koo mbili zilichungia pamoja tangu enzi za babu zetu, ulianza kugombaniwa siku uvumi ulipotoka kwamba kuna watu wa mgodi watakuja kuupima walipe fidia. Nyasi zilikuwa zilezile za jana. Watu wazima wakaamua kuuana kwa ajili yake.

Jumapili asubuhi likapigwa yowe kutoka mtoni.

Wanaume walichukua mishale na mapanga. Wanawake tulijua kazi yetu, kukusanya watoto na kukimbilia kanisani. Wazee walikuwa na sheria yao ya vita: mwanamke haguswi, na mvulana ambaye hajatahiriwa haguswi pia, anaweza kupita katikati ya mishale na ndoo yake ya maji. Aliyetahiriwa ni mwanaume. Hata kama juzi tu alikuwa anaomba ukoko.

Mama alimvuta Marwa ndani ya nyumba yake, akamlaza nyuma ya magunia ya mtama, akamfunika kanga. Alivunja mwiko mchana kweupe, na sijawahi kumpenda kama ninavyompenda kwa dakika ile. Lakini hayo nayasema leo. Siku ile niliona aibu.

Baba alisimama mlangoni.

“Marwa yuko wapi?”

“Ametangulia,” mama alisema.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilijiona najua mila kuliko mama yangu. Niliwaza jinsi wasichana wenzangu watakavyonicheka kwamba ndugu yake Bhoke alijifunika kanga ya mama.

“Yuko nyuma ya magunia,” nilisema.

Marwa alitoka mwenyewe. Hakunitazama.

Kanisa lilikuwa kwenye mteremko, na kutoka pale mto ulionekana wote. Marwa na Chacha, mwenzake aliyetahiriwa naye siku moja, walipewa kazi ya kuokota mishale iliyoanguka na kuwarudishia wakubwa. Walikimbia wameinama. Kwa mbali ungedhani wanacheza.

Mshale ukampata Chacha tumboni.

Akakaa chini polepole.

Marwa alimshika mkono, akamvuta. Hakuweza. Wanaume wetu walikuwa wanarudi nyuma mbio, na mmoja alipompita akampigia kelele.

Marwa akaachia mkono.

Akaingia vichakani, nikawa simwoni tena. Moshi ulianza kupanda kutoka upande wa nyumba zetu. Mama alikuwa amepiga magoti, lakini hakuwa anasali. Alikuwa ananitazama mimi.

Polisi walifika jioni. Marwa alirudi na giza, mzima, bila hata mchubuko, na baba akampiga begani akamwita mwanaume mbele ya watu.

Baada ya wiki chache wazee wa koo zote mbili walikutana. Wakachinja, wakala kiapo, wakawatakasa walioua. Nawapa haki yao, kiapo kile kilisimama. Lakini hakuna mzee hata mmoja aliyewaita wale wavulana na kuwauliza, nyie mmeona nini?

Marwa aliacha kulala. Kila alasiri mgodi ulipolipua alikimbia akaingia uvunguni mwa kitanda cha mama. Baba alimvuta kwa mguu akamchapa, mama akilia, na kesho yake ikawa hivyohivyo. Shuleni alisinzia, mwalimu naye akamchapa. Tukampeleka zahanati. Wakampa dawa ya malaria. Tuliporudi mara ya pili wakampa dawa ya minyoo. Mtoto alichapwa na kunyweshwa dawa na watu waliompenda, na bado damu inanichemka nikikumbuka kwamba nilikuwa mmoja wao.

Maana mimi alinijia. Mchana mmoja alisimama dirishani kama zamani. Nilimpa ukoko, hakuupokea.

“Bhoke, mtu akipigwa mshale wa tumbo, anakaa muda gani kabla hajafa?”

Niliogopa. Nikajibu kama baba.

“Usiulize mambo hayo. Wewe ni mwanaume.”

Hakuja tena dirishani.

Juzijuzi nilikaa kwenye mkutano wa wazazi. Binti mmoja mwalimu, ametokea Mugumu, alituambia kwamba mtoto aliyeona mabaya asichapwe. Akae karibu na mtu anayemwamini, aulizwe, asikilizwe, na asipolala apelekwe kwa wanaojua kazi hiyo. Nilitoka nje kwa hasira. Binti wa watu hakukosea. Kilichonichoma ni kwamba mengi ya aliyoyasema tungeyaweza. Kukaa na kuuliza kunataka nini? Kigoda tu.

Marwa yupo. Analima huku Kemambo, jirani na nilikoolewa. Hakuoa. Alasiri mgodi ukilipua huweka jembe chini na kuchuchumaa, na wapita njia wanasema ni pombe, ingawa hajawahi kuionja.

Msimu uliopita wa tohara, shemeji yangu mkubwa alikuja kuzungumzia mwanangu Mwita. Marwa alikuwa amekaa karibu na mlango, kimya, kama kawaida yake.

“Kijana amekuwa,” shemeji alisema. “Ona urefu huo. Mwaka huu aende.”

Nilifungua mdomo, lakini Marwa aliniwahi.

“Ana miaka kumi na miwili. Ni mtoto. Mwacheni ale jikoni kwa mama yake.”

Shemeji alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Mjomba ameshasema. Mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Wageni walipoondoka nilikwangua sufuria. Nusu nilimpa Mwita, nusu nikampelekea Marwa pale mlangoni, nikakaa chini karibu naye.

“Ulishaniuliza kitu dirishani,” nikasema. “Nilikujibu vibaya. Uliona nini, Marwa?”

Safari hii aliupokea ukoko.

“Nilikuwa vichakani, hatua chache tu. Chacha hakufa pale pale. Alikuwa ananiita. Aliniita asubuhi ile yote na mchana wote, nami sikutoka.” Alivunja ukoko vipande viwili, hakula. “Kisha mgodi ukalipua. Baada ya hapo sikumsikia tena.”

Chacha aliwekewa matanga, akaliliwa na ukoo mzima. Marwa alirudi akitembea kwa miguu yake, kwa hiyo hakuna aliyemlilia. Miaka yote hiyo, kila alasiri, alikuwa anasikia rafiki yake akinyamaza, na sisi tukampa dawa ya minyoo.