Mlango wa Banda la Boti

Juzi jirani yangu hapa Lushoto alikuwa akijenga gereji, na harufu ya saruji mbichi ikanirudisha Mgwashi, kwenye mchana ule baba alipojenga banda la boti.

Boti ilipandishwa mlimani kwa lori kutoka Pangani, ambako baba alikuwa akivua na kaka yake mpaka bahari ilipomchukua baba mkubwa. Bado ilinuka samaki. Baba aliizungushia kuta ikiwa ndani, huku bibi, mama yao, akimtazama kutoka kwenye kigoda. Tangu msiba bibi alikuwa hali chakula. Sahani ya makande ilipoa kando yake.

"Mlango bado mpana," bibi alisema.

Baba akaongeza tofali. Nilidhani amekosea vipimo, lakini ningemsahihishaje mbele ya mama yake? Mwiko ulizidi kukwaruza, nafasi ya mlango ikazidi kubana, hadi nikashindwa kuvumilia.

"Tate, boti haitatoka!" nilimwambia baba.

Baba alimgeukia bibi.

"Umesikia, mama? Hata mtoto ameona."

Bibi aliutazama ule mlango, ambao mtu angepita kwa ubavu tu. Kisha akaivuta sahani, akaanza kula.