Mtihani wa Bosi na Kelele za Cherehani

Baba yake ndiye aliyempa binti yetu jina la Bosi, mtoto akiwa bado anatambaa. Alikuwa akitaka kitu hanyooshi mkono wala halii. Anakitazama kitu, kisha anakutazama wewe. Jina likamganda. Leo ni mtu mzima, mtunza ghala kwenye kampuni ya rangi na vigae, na mtaani bado ni Bosi. Kazini kwake hicho ni kichekesho, maana kule yeye si bosi wa mtu. Kila nafasi ya mkuu wa ghala inapokuwa wazi, analetwa mtu mwenye cheti cha chuo cha biashara. Binti yangu anamwonyesha makopo yanakaa wapi na vigae vinapangwaje visipasuke. Mgeni akishazoea, anaanza kumtuma chai.

Hilo la chai ndilo lililomrudisha nyumbani siku moja, akavua viatu mlangoni na kusema, "Mama, na mimi nakwenda chuoni."

Mtihani wa kuingia chuo chenyewe ni wa Kiingereza, unafanywa kwenye kompyuta, na pembeni ya kioo kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Hesabu hazikumtisha. Kilichomwangusha mara ya kwanza ni vile vifungu virefu vya habari, ambavyo mtu anasoma halafu anaulizwa mwandishi alikuwa anataka kusema nini. Muda ulimwishia vifungu vya mwisho hajavigusa. Na chuo kile kinamruhusu mtu kurudia mara moja tu. Akianguka tena, ndiyo basi, ataendelea kupeleka chai.

Mimi shule niliishia njiani, na Kiingereza ninachokijua ni kile cha kwenye vibandiko vya nguo. Lakini macho ninayo. Akikaa mezani na vitabu vyake nilikuwa namchungulia, nikaona midomo yake inacheza kama ya mtu anayesali. Tena macho yakifika mwisho wa mstari yanarudi mwanzo wa mstari uleule.

"Unasema na nani?" nikamuuliza.

"Naigeuza Kiswahili kwanza, mama, ndipo niielewe."

"Na ukishaielewa?"

"Naigeuza tena Kiingereza nipate kujibu."

Baba yake, fundi bomba, alikuwa anasugua mikono kwa sabuni ya unga hapo mlangoni. Akacheka. "Yaani uko kwenye mto, unavuka kwenda kuchota maji ng'ambo."

"Baba, ungekuwa wewe ungekwishazama."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilijiambia kwamba anachokosa mtoto huyu ni utulivu. Nyumba yetu ni vyumba viwili, na cherehani yangu ya miguu iko palepale sebuleni ilipo meza. Kwa hiyo nikaifunika shuka. Nikawa nashona yeye akiwa kazini tu, na akirudi naigeuza nyumba kuwa msikiti. Bawaba za mlango nilizipaka mafuta. Redio nikaipeleka kwa jirani. Mteja akija namtolea nguo zake nje, tunapatana bei kwa mikono kama mabubu. Mume wangu kijiko kikimgonga sahani namkata jicho.

"Mama Bosi," akaninong'oneza, "tumefiwa mimi sijaambiwa?"

"Mtoto anasoma."

"Anasoma au tunamuaga?"

Lakini kadiri nyumba ilivyonyamaza ndivyo Bosi alivyozidi kudorora. Alikuwa anajipa mitihani ya majaribio, simu ikimhesabia muda mbele yake, na kila mara simu inalia bado ana kurasa mkononi. Akawa hali vizuri. Siku moja nilimkuta ameegemeza paji la uso kwenye kitabu, akasema, "Mama, labda wengine tuliumbwa tupeleke chai." Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kilichotuokoa ni mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, mwanamke wa sauti, ambaye alinipa tenda ya sare. Kwa huo ukimya wangu kazi ikanilalia, na Jumamosi moja akasimama mlangoni na kofia yake kubwa.

"Fundi, Jumatatu shule inafunguliwa. Watoto waje na kaptula za magunia?"

"Punguza sauti, mwalimu, kuna mtu anasoma ndani."

"Na mimi nina watu wa kusoma! Hawawezi kusoma uchi!"

Alipoondoka nilimwomba Bosi aende kwa mama yake mdogo, akafanyie jaribio lake huko. Akakataa, kwa uchovu tu. "Shona, mama. Kwani itaharibika nini zaidi ya hapa?"

Nikaivua cherehani shuka lake. Moyo ulikuwa unanisuta kila nikikanyaga. Nilishona mshono mmoja nikamtazama, nikashona mwingine nikamtazama. Kaptula ya kwanza ilipokwisha niliona jambo. Midomo ilikuwa imetulia. Macho yalikuwa yanateremka, mstari kwa mstari, hayarudi. Nikapunguza mwendo kidogo ili nimwone vizuri, naye, bila kuinua kichwa, akasema, "Usisimame."

Sikusimama. Alipofunga kitabu simu ilikuwa haijalia.

Nikajua amekata tamaa. "Mwanangu, usiache. Bado muda upo."

"Sijaacha, mama. Nimemaliza."

Akakaa anaitazama cherehani kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. Na kweli, chini ya meza ya mashine ile ndiko alikokuwa analala mchana akiwa mdogo, na masomo yake yote ya shule aliyafanya pembeni yake. "Nyumba ikiwa kimya najisikia ninavyotafsiri," akasema. "Ukishona sijisikii. Inabidi nichukue maneno yanavyokuja, niende nayo."

Majibu yake hayakuwa sahihi yote. Mengine aliyakosa kwa haraka, akayarudia mpaka akajua alipoteleza. Lakini tangu siku ile tulifanya kazi pamoja, mimi na kaptula zangu, yeye na vifungu vyake. Redio ikarudi. Mume wangu akapewa uhuru wa kijiko.

Wasiwasi wangu ukahamia kwingine. Siku ya mtihani atakaa kwenye chumba cha watu, na mimi cherehani yangu siwezi kuibeba.

"Nitaibeba mimi kichwani," akasema baba yake. "Wewe ukanyage tu."

Asubuhi ya mtihani nilimsindikiza mpaka mlango wa jengo la mtihani, nikabaki nje kwenye ngazi na wazazi wengine. Nilikuwa roho juu. Mlinzi akanitazama, akatabasamu. "Mama, umekuja kuwapima sare?" Nikajishika shingo. Nilikuwa nimetoka nyumbani na futi yangu ya kupimia, inaning'inia kifuani kama tai. Wazazi wakacheka, na mimi nikacheka, lakini sikuivua, ilinipa kitu cha kushika.

Bosi alitoka miongoni mwa wa mwisho. Uso wake sikuweza kuusoma.

"Chumba kizima kinagonga vibonye," akasema. "Taka-taka-taka, wote kwa pamoja. Wenzangu wamekasirika. Msimamizi akatuletea vitu vya kuziba masikio."

"Ukaziba?"

"Nikamrudishia vyake. Mama, ilikuwa kama wewe na mafundi wote wa mjini mmekaa mnashona."

"Na vile vifungu?"

"Nimevifikia vyote. Matokeo yanatoka palepale kwenye kioo." Akameza mate. "Nimepita. Si kwa mbali, lakini nimepita. Sasa wananiita kwenye usaili."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika, kisha mashaka yakanirudia palepale, maana mimi ndivyo nilivyo. "Huo usaili nao ni wa Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Na utavaa nini?"

Akaitazama futi shingoni mwangu, kisha akanitazama mimi.

Nikaivua, nikamgeuza, nikampima mabega hapohapo kwenye ngazi, watu wakipita.