Mvua ya Mawe na Waya wa Mzungu

Juzi nilipanga foleni kwenye dirisha la tikiti la Waafrika, stesheni ya Eldoret. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akimweleza kila mtu jinsi mvua ya mawe ilivyomaliza mahindi yake yote, ikaacha ngano ya mzungu iliyo ng'ambo ya waya wa mpaka.

Mwinjilisti mmoja mzee, aliyesimama nyuma yangu, akamtuliza. "Mama, Mungu ana makusudi."

"Makusudi gani, Mzee, ya kuogopa waya?"

Foleni ikacheka. Mzee hakucheka. Alivua kofia, akasema polepole, "Kusema kweli, Mama, tangu nizike mke wangu, hiyo maneno ya makusudi imenikwama kooni. Siku hizi naona Mungu anatupenda, lakini si kila kitu anaweza. Alitaka kuzuia, ikamshinda."

Nilidhani mama atamkemea. Badala yake alishika shavu, uso umejaa huruma.

"Ilimshinda? Woi! Na mimi nimemnunia tangu Jumatatu!"

Papo hapo akafumba macho. "Baba, pole na ile mvua. Najua ulijaribu. Nikipanda tena tusaidiane: wewe shika mawingu, mimi nitashika jembe."

Mwinjilisti alicheka mpaka akafuta machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Kanisani nimemsikia Mungu akiombwa, akisifiwa, hata akilaumiwa. Kupewa pole nilisikia siku hiyo tu, na nafikiri alikuwa ameingojea sana.